Sumu ya Viuatilifu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mkulima anayepiga viuatilifu, yaani dawa za shamba, wa anayefua nguo zake jioni, na wa muuguzi wa zahanati anayempokea mgonjwa asiyejua hata jina la alichokigusa. Maswali yamepangwa kwa dharura: la mgonjwa aliye mbele yako limetangulia, ya sera na sheria yamefuata.

Mtu amekunywa dawa ya shamba, au amemwagikiwa. Nianzie wapi?

Anza kujikinga wewe. Vaa glavu, na kama hakuna, funga mifuko ya plastiki mikononi, maana sumu iliyolowesha shati lake itapita kwenye ngozi yako vilevile. Mtoe shambani au chumbani apate hewa. Mvue nguo zote pamoja na viatu. Mwoshe kwa sabuni na maji mengi, na usiruke nywele, nyuma ya masikio, kwapa na chini ya kucha. Dawa ikiwa imeingia machoni, mmiminie maji safi polepole kwa robo saa au zaidi.

Akiwa amelegea au anatapika mwenyewe, mlaze ubavu ili matapishi yasimpalie. Asipewe chochote mdomoni. Asitapishwe: dawa nyingi za maji zimechanganywa na mafuta ya kuyeyushia, na mafuta hayo yakipanda tena kooni huteremkia mapafuni kwa urahisi. Kama amemeza na amezimia, usimpulizie hewa mdomo kwa mdomo bila kizuizi.

Kisha usafiri. Ikiwa kilichopo ni bodaboda tu, mtu wa kumshikilia akae nyuma yake, maana njiani anaweza kupoteza nguvu ghafla. Na beba chupa au pakiti ya dawa, hata ikiwa tupu, hata ikiwa lebo imechanika nusu. Ifunge vizuri kwenye mfuko. Daktari akijua jina la dawa huokoa muda ambao mgonjwa hana.

Maziwa je? Wazee wanasema yanakata sumu.

Hayakati. Maziwa hayana uwezo wa kuifanya sumu ya viuatilifu isiwe na nguvu, na mgonjwa anayepoteza fahamu akinyweshwa maziwa anaweza kupaliwa nayo na kufa kwa hilo kabla ya sumu yenyewe. Mafuta ya kula na mayai mabichi ni hivyohivyo. Maji ya chumvi ni hatari zaidi, kwa kuwa yanaweza kupandisha chumvi ya damu kupita kiasi. Mkaa wa jikoni uliosagwa nao si ule unaotumika hospitalini. Wa hospitali umetengenezwa maalumu kunasa sumu, na hutolewa mapema, pale daktari anapoona unafaa.

Najua hili ni gumu kukubaliwa. Karibu kila kijiji kuna mtu aliyekunywa maziwa akapona, na huyo ndiye anayesimuliwa. Mara nyingi alikuwa amemeza kidogo, au dawa yenyewe ilikuwa hafifu.

Nitajuaje kama ni sumu na siyo malaria au tumbo la kawaida?

Viuadudu vinavyoleta wagonjwa wengi hospitalini ni vya makundi mawili, organofosfeti na kabameti. Vyote viwili vinazuia kimeng'enya kinachoitwa asetilikolinesterasi. Kazi ya kimeng'enya hicho ni kuondoa ujumbe wa mshipa wa fahamu ukishafika kwenye msuli au kwenye tezi. Kikizuiwa, ujumbe haufutiki. Tezi zinaendelea kutoa maji bila kukoma na misuli inaendelea kujikunja hadi ichoke.

Ndiyo maana mgonjwa hulowa. Mate yanamtoka, machozi, makamasi, jasho jingi. Anatapika, anaharisha, anajikojolea. Mboni za macho husinyaa zikabaki nukta, na ndiyo sababu analalamika kwamba haoni vizuri. Ukitazama kwa makini mapaja au kope utaona misuli ikichezacheza chini ya ngozi. Kifua kinakoroma kwa sababu mapafu yamejaa maji yake mwenyewe, na hapo ndipo kifo kinapokaribia. Baadhi ya dawa hizi huacha harufu inayokaribia ya kitunguu saumu.

Dalili zikiwa ndogo, yaani kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, zinafanana na magonjwa kumi. Kipimo cha kwanza hapo hakihitaji maabara. Muulize: jana au leo ulipiga dawa? Ulikuwa karibu na anayepiga? Ulifua nguo za nani? Mhudumu asiyeuliza hivyo wakati wa msimu wa mboga atagawa dawa za malaria hadi zimwishie.

Sumu nyingine haziendi hivyo. Parakwati, ambayo ni ya kuua magugu, hudanganya: mgonjwa huanza na vidonda vya mdomo na koo, anazungumza, anaweza hata kutembea, halafu siku zinazofuata figo zinafeli na mapafu yanakakamaa. Hadi leo haina dawa ya kuipinga. Gesi ya fosfini, itokayo kwenye vidonge vya kuhifadhia nafaka, hupiga moyo na kushusha presha, nayo pia haina kipinga-sumu.

Hospitalini wanamfanyia nini?

Kwa organofosfeti na kabameti, dawa kuu ni atropini, na namna inavyotolewa huwashangaza ndugu wa mgonjwa. Muuguzi anachoma sindano, anasubiri kama dakika tano, anaweka kipimo cha kusikilizia kifuani. Bado kuna mkoromo? Anaongeza, mara nyingi maradufu ya kile cha kwanza. Anasikiliza tena. Anaongeza tena. Anachotafuta ni mapafu makavu, mapigo ya moyo yaliyopanda na presha inayoridhisha. Mboni za macho na mapigo ya haraka peke yake si kigezo cha kumfanya asimame. Mgonjwa mmoja aliyezidiwa anaweza kumaliza ampuli nyingi sana usiku mmoja, kiasi ambacho kituo kidogo huenda hakikuwa nacho tangu mwanzo.

Hii ndiyo sababu mojawapo ya kulichukulia jambo hili kama la afya ya jamii na siyo bahati mbaya ya mtu mmoja. Atropini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, imo kwenye orodha ya dawa muhimu, lakini kituo kinachoagiza kwa makadirio ya wodi ya kawaida hakiwezi kumhudumia mgonjwa mmoja wa aina hii. Wilaya za kilimo cha mboga, pamba na kahawa zinapaswa kuagiza kwa kuangalia maduka ya pembejeo yaliyo mtaani kwao.

Pamoja na atropini kuna oksijeni, dawa za kuzuia degedege na, akishindwa kupumua, mashine. Pralidoksimu hutumika kwa organofosfeti mahali inapopatikana, ingawa matokeo ya utafiti kuhusu faida yake hayajakubaliana.

Amepata nafuu. Kwa nini hawamruhusu?

Kwa sababu kati ya siku ya kwanza na ya nne anaweza kuanguka upya. Shingo hulegea, anashindwa kuinua kichwa kwenye mto, kisha misuli ya kupumua nayo inagoma. Mgonjwa aliyetolewa mapema afikie hali hiyo nyumbani hana msaada. Mwache akae.

Wakulima wanaambiwa kila siku wavae vifaa vya kinga. Mbona hawavai?

Hebu mfuate mpigaji dawa mmoja wa nyanya kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Ngarenanyuki, Arumeru. Dawa anaipima kwa kifuniko cha chupa. Anachanganya aina mbili au tatu kwenye bomba moja la mgongoni, ya wadudu na ya ukungu pamoja, maana akipiga mara moja anaokoa nguvu na kibarua. Mfuniko wa bomba haufungi vizuri. Kila akiinama, kidogo kinachuruzika mgongoni na shati linagandamana na ngozi. Nozeli ikiziba anaitoa na kuipuliza kwa mdomo. Jua limewaka. Ovaroli ya mpira, barakoa na miwani katika hali hiyo ni mateso ambayo hata aliyeandika lebo asingeyavumilia kwa saa moja.

Mwaka 2007 Aiwerasia Ngowi na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania. Asilimia 68 ya wakulima walisema wamewahi kujisikia vibaya baada ya kupiga dawa katika kazi yao ya kawaida. Hao si waliokunywa wala waliopata ajali. Ni watu waliofanya kazi kama walivyozoea.

Wataalamu wa usalama kazini wana mpangilio wao: kwanza ondoa kitu cha hatari, ukishindwa kiweke kilicho nafuu badala yake, kisha badilisha namna ya kufanya kazi, na mwisho kabisa ndipo umvishe mtu kinga. Kampeni zetu nyingi zinaanzia mwisho na kuishia hapohapo. Mimi naona kumlaumu mkulima kwa kukosa glavu, huku duka la pembejeo likimuuzia kitu ambacho hakipaswi kushikwa hata na mwenye glavu, ni kugeuza kesi.

Hata hivyo yapo ambayo hayana gharama na yanasaidia leo. Piga asubuhi mapema au jioni, upepo ukiwa nyuma yako. Vaa shati la mikono mirefu, suruali na buti, hata kama ni za kawaida. Kausha na kaza mfuniko wa bomba kabla ya kulibeba. Nozeli isafishwe kwa maji na bua la nyasi. Oga kabla ya kula, kuvuta sigara au kumbeba mtoto. Nguo za kupigia dawa zifuliwe peke yake, na anayefua avae glavu, kwa kuwa sumu hiyo haijui ni nani aliyeshika bomba.

Rangi ya chini kwenye lebo inaonyesha nini?

Nyekundu ni ya hatari zaidi, ikifuatwa na njano, bluu na kijani. Mpangilio huo unafuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani (WHO).

Sasa tahadhari ambayo haisemwi madukani. Madaraja hayo yanategemea hasa kiasi kinachowaua panya wa maabara, na binadamu si panya. Parakwati kwa mpangilio huo imekaa daraja la pili, la njano, wakati hospitalini ni moja ya sumu zinazoua watu wengi kati ya wanaozimeza. Dimethoeti, kiuadudu cha kundi la organofosfeti, nayo iko daraja hilohilo. Kwa hiyo njano usiisome kama "wastani".

Je, kuna nchi iliyowahi kupunguza vifo hivi kwa kiasi kikubwa?

Sri Lanka, na ndiyo habari muhimu kuliko zote kwenye ukurasa huu.

Mwaka 1995 nchi hiyo ilikuwa na moja ya viwango vya juu kabisa vya kujiua duniani, takriban watu 47 kwa kila watu 100,000. Vifo vingi vilitokana na dawa za mashambani zilizokuwa ndani ya nyumba. Serikali ilikuwa imeanza kuziondoa parathioni na methili-parathioni miaka ya 1980. Mwaka 1995 ikazuia zilizobaki za daraja la kwanza, na 1998 ikaifuata endosulfani. Kufikia 2005 kiwango kilishuka hadi karibu nusu. Kisha madaktari walipolinganisha wagonjwa wodini, wakaona kwamba dimethoeti na fenthioni zinaua zaidi ya klopirifosi ingawa zote ni organofosfeti. Kati ya 2008 na 2011 dimethoeti, fenthioni na parakwati zikaondolewa. Viwango vikaendelea kushuka. Watafiti wanakadiria kwamba kati ya 1995 na 2015 hatua hizo ziliokoa maisha ya watu wapatao 93,000.

Angalia kilichotokea na kisichotokea. Watu hawakuacha kugombana, kudaiwa wala kukata tamaa. Idadi ya waliokunywa sumu haikushuka kwa kasi ile. Kilichobadilika ni kwamba waliokunywa walifika hospitali wakiwa hai na wakaondoka wakiwa hai. Jaribio la kujiua kwa sumu mara nyingi huzaliwa na hasira au uchungu wa saa chache. Aliyeivuka saa hiyo, aghalabu hairudii. Hivyo swali la maisha na kifo linakuwa ni nini kilichokuwa darini siku ile.

Korea Kusini ilipoiondoa parakwati mwaka 2011 na 2012, vifo vya kujiua kwa viuatilifu vilishuka pia.

Lakini si Sri Lanka hiyohiyo iliyoharibu kilimo chake kwa kupiga marufuku kemikali?

Hayo ni mambo mawili. Mwaka 2021 serikali ilizuia kwa mkupuo uingizaji wa mbolea na dawa zote za kemikali, mavuno yakaporomoka, na miezi michache baadaye ikarudi nyuma. Hatua za 1995 hadi 2011 zilikuwa za kuchagua: dawa chache zinazoua zaidi, moja baada ya nyingine, wakulima wakiwa na mbadala. Mavuno hayakushuka kwa sababu yake.

Kwetu kuna kantangaze na viwavijeshi. Mbadala upo?

Upo, ingawa si wa chupa moja. Kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, huzoea dawa haraka, na ndiyo maana anayepiga kila wiki bado analalamika. Mitego ya feromoni (harufu inayowavuta wadudu), nyavu kwenye vitalu, kung'oa na kufukia mabaki ya nyanya, kubadilisha mazao, na dawa za kibayolojia zinazolenga viwavi hupunguza mzigo. Kwa mahindi yaliyovunwa, mifuko ya tabaka tatu ijulikanayo Tanzania kama kinga njaa huwanyima wadudu hewa bila kidonge chochote. Kwa familia inayolala chumba kimoja na magunia, mfuko huo ni kinga ya uhai: vidonge vya fosfini vikipata unyevu hutoa gesi, na gesi haingoji watu waamke.

Watoto wanaipataje?

Kwenye chupa ya soda. Mchuuzi anapima dawa kidogo kwa mwenye hela kidogo, anaimimina kwenye chupa ya soda au ya maji, na chupa inawekwa chini ya kitanda. Sumu ya panya ya kuuzwa kwa vipimo mitaani ni ndugu ya hiyo. Afrika Kusini, Oktoba 2024, watoto sita wa Naledi, Soweto, walikufa, na serikali ikaeleza kuwa chanzo ni terbufosi, dawa ya shamba inayouzwa mitaani kwa ajili ya panya.

Huko Bihar, India, Julai 2013, watoto 23 wa shule walikufa baada ya kula chakula cha mchana. Mafuta ya kupikia yalikuwa na monokrotofosi. Kopo la dawa halisafishiki likawa la chakula. Lisuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba, kisha litoboe lisiweze kutumika tena.

Dawa ikae kwenye sanduku lenye kufuli, nje ya chumba cha kulala, ndani ya chupa yake yenye lebo. Na kama nyumbani kuna mtu aliyezama kwenye huzuni au aliyetoka kwenye ugomvi mzito, iondoe kabisa, ipeleke kwa jirani unayemwamini. Muulize moja kwa moja kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, na mfikishe kituo cha afya.

Nyanya za sokoni zenye vumbi jeupe ni sumu?

Mara nyingi ni mabaki ya dawa ya ukungu. Osha kwa maji yanayotiririka huku ukisugua. Hiyo huondoa ya juu, si iliyoingia ndani ya tunda. Tatizo halisi ni mkulima kuvuna kabla ya siku zilizoandikwa kwenye lebo kwisha, na hilo haliwezi kutibiwa na sinki la jikoni.

Nani anaamua dawa gani iuzwe?

Tanzania ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) iliyoko Arusha, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Kenya ni Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuulia Wadudu (PCPB). Kimataifa kuna Mkataba wa Stockholm, ambao mwaka 2025 uliiongeza klopirifosi kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa, na Mkataba wa Rotterdam, unaotaka nchi inayopelekewa kemikali hatari iarifiwe na kuridhia kwanza.

Umoja wa Ulaya hauruhusu parakwati itumike kwenye mashamba yake tangu 2007. Baada ya hapo iliendelea kutengenezwa Huddersfield, jimbo la Yorkshire, Uingereza, kwa ajili ya kuuzwa nje. Mwenye kuuliza kwa nini kitu kisichofaa Yorkshire kinafaa kwingineko anauliza swali halali.

Nikiripoti, kuna faida gani?

Daftari la wodi likiandikwa "amekunywa sumu" tu, msimamizi wa viuatilifu hana cha kufanyia kazi. Hawezi kuondoa sokoni kitu kisicho na jina. Sri Lanka iliweza kuchagua kwa sababu wodi ziliandika ni dawa gani, ilimpata nani, na aliishia vipi.

Kuna kikwazo kingine. Pale sheria inapomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, familia huficha, na daftari huandikwa "ajali" au "tumbo". Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jaribio hilo kuwa kosa, kinakiuka katiba.

Mhudumu wa afya aandike jina la kibiashara, jina la kiambato (kemikali yenyewe ya sumu) lililo kwa herufi ndogo, namba ya usajili, na kama ilikuwa kazini, kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Apige picha ya lebo. Mkulima anaweza kupeleka taarifa kwa afisa ugani wa kata au moja kwa moja kwa mamlaka, akiwa na chupa ileile aliyobebwa nayo mgonjwa.